Nyimbo Zetu na Hasira ya Haki: Kumbukumbu ya Miaka 50





Kamati ya Jubilei ilituomba historia. Majina ya wenyeviti, walimu wa kwaya na wenzetu waliotangulia mbele ya haki yamo katika kurasa nyingine, pamoja na picha. Hapa tumeona tuandike jambo ambalo wanakwaya hulizungumza njiani wakitoka mazoezini, lakini halimo katika kumbukumbu za mikutano yetu. Ni habari ya siku zile ambazo tulikuwa na hasira, na bado kengele ililia na tukatakiwa kuimba. Je, mtu mwenye hasira anaweza kumwabudu Mungu kwa kweli? Miaka 50 imetufundisha jibu, na halikuwa jibu rahisi.

Tulikotoka

Kwaya hii ilianza mwaka 1975. Wakati huo Jimbo la Nakuru lilikuwa na miaka saba tu, maana liliundwa mwaka 1968. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umeruhusu ibada katika lugha za watu tangu mwaka 1963, na wazee wetu wanasema ilikuwa furaha kubwa kuimba Misa kwa Kiswahili, ngoma na kayamba zikiwa ndani ya kanisa.

Rongai yetu, hii ya Nakuru na si ile ya Kajiado, ilikua kwa reli na kwa mashamba. Watu walikuja kulima mahindi, kukata mkonge, kufanya kazi stesheni, na baadaye kununua vipande vya ardhi katika mashamba yaliyoachwa na walowezi. Kwa hiyo benchi moja la kwaya lilikuwa na Mkalenjin, Mkikuyu, Mluhya, Mkisii, Mjaluo na Mturkana. Nyumbani kila mmoja alikuwa na lugha yake. Kanisani tulikuwa na soprano, alto, tena na besi. Hatukujua wakati huo kwamba benchi hilo lingekuja kupimwa.

Askofu wetu alikuwa Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuja Nakuru mwaka 1971 akitokea Machakos. Alituchunga kwa miaka 25. Jimbo lilikuwa kubwa kuliko la sasa, kwa kuwa hata Kericho ilikuwa ndani yake mpaka mwaka 1995.

Miaka ya kusifu

Wanakwaya waliokuwa vijana miaka ya themanini wanakumbuka kwamba kila mahali nchini kwaya zilitakiwa. Sikukuu ya taifa ikikaribia, walimu na wanafunzi walikusanywa kufanya mazoezi ya nyimbo za kuwasifu viongozi. Sisi tulikuwa karibu zaidi kuliko wengine, kwa maana Kabarak ni jirani yetu, na Rais Moi alikuwa mtu tuliyeona msafara wake ukipita. Wengi walimpenda kwa dhati, na hatuandiki haya kumvunjia heshima marehemu. Tunaandika kwa sababu katika miaka hiyo ilikuwa rahisi kwa kwaya kusahau inamwimbia nani.

Mwaka 1986 chama cha KANU kiliamua kwamba wapigaji kura wapange foleni nyuma ya wagombea au picha zao. Tuliuita mlolongo. Baraza la makanisa, NCCK, lilipinga, na maaskofu Wakatoliki nao wakapinga. Waliona kwamba mtu hawezi kuchagua kwa dhamiri huku chifu na jirani wakimtazama mgongoni. Lakini uchaguzi wa mwaka 1988 ulianza kwa mlolongo hata hivyo.

Hapo ndipo Wakenya walipoanza kuona viongozi wa dini wakiwa na hasira hadharani. Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Eldoret, alikuwa mmoja wao. Alisema juu ya unyakuzi wa ardhi, na akawatetea Wapokot waliokuwa wakifa njaa wakati wakubwa walitaka jambo hilo lisisemwe. Yeye mwenyewe alikuwa Mnandi. Waziri mmoja alimwonya waziwazi kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Askofu alikwenda Busia, akahubiri, na akiwa njiani kurudi, tarehe 14 Agosti 1990, gari lake liligongana na lori, akafa.

Mwaka ule mapigano yalipofika

Tarehe 29 Oktoba 1991 mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, upande wa Tinderet. Miezi michache baadaye moto ulikuwa umefika Molo na Olenguruone. Kamati ya Bunge iliyochunguza ilisema mwezi Septemba 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa. Maelfu kwa maelfu walikuwa wamefukuzwa mashambani mwao. Viwanja vya makanisa viligeuka kambi, na watu walilala mahali ambapo Jumapili huwa tunaegesha baiskeli.

Askofu Ndingi hakunyamaza. Alisema mimbarini, na kwa waandishi wa habari, kwamba mapigano yale hayakuzuka yenyewe kama moto wa nyasi, na kwamba serikali yenye polisi na wanajeshi ingeweza kuyazima kama ingetaka. Maaskofu wenzake walisema vivyo hivyo katika barua zao za kichungaji. Aliitwa mchochezi na mwanasiasa aliyevaa kanzu. Lakini hakuacha kuwapokea waliofukuzwa, wala hakuuliza ni wa kabila gani kabla ya kuwapa unga.

Sisi wanakwaya tulikuwa wapi? Tuseme ukweli siku ya Jubilei. Tulikuwa tukiimba. Tulijua sauti zetu vizuri, tulishinda mashindano ya dekania, na Jumapili moja ya mwaka huo tuliimba Utukufu kwa sauti nne huku wenzetu wa Molo wakizika. Wazee wanasema padre aliyehubiri siku hiyo alichagua nabii Amosi, mchungaji wa kondoo aliyetumwa kwa watu waliopenda sikukuu na muziki. Mungu aliwaambia kupitia kwake kwamba kelele za nyimbo zao zimemchosha, na kwamba hatasikiliza vinanda vyao. Hawakuwa wameimba vibaya. Alichotaka ni haki itiririke nchini kama mto usiokauka, na wao walikuwa wakimkanyaga maskini Jumatatu na kuimba siku ya sabato.

Kwa kwaya, hakuna maneno makali kuliko hayo katika Biblia nzima. Baada ya mahubiri hayo, wanasimulia, kwaya ilichelewa kuanza wimbo wa sadaka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Padre aliyebeba ushahidi

Mwingine wa kukumbukwa ni Padre John Kaiser, Mmarekani wa Shirika la Mill Hill, aliyefanya kazi miaka mingi kati ya Wakisii na baadaye kati ya Wamaasai. Alikuwa na watu waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993 na kupiga kambi Maela, upande wa Naivasha. Serikali ilipoivunja kambi hiyo mwishoni mwa mwaka 1994, yeye alipinga. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi na kutaja majina ya wakubwa. Tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara ya kutoka Naivasha kuja Nakuru, karibu na Morendat. Kwanza ilisemwa kwamba alijiua. Mwaka 2007 mahakama ilichunguza na kuamua kwamba aliuawa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo chake.

Tukipita hapo kwenda Nairobi kwa basi la kwaya, wazee huvua kofia.

Jumapili bila kwaya

Tunafika sasa kwa jambo letu wenyewe. Mwezi Januari 2008, baada ya uchaguzi, nchi iliwaka tena. Siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa na watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Mwishoni mwa mwezi huo mapigano yalifika mji wa Nakuru. Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema. Tume ya Waki ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliokufa nchini kote.

Baadhi ya wanakwaya wetu walikuwa katika mahema hayo. Wengine walirudi kwa jamaa zao mbali. Tuliobaki tulikutana Jumamosi, tukaona la kufanya ni kuandaa wimbo wa amani. Tulitafuta ulio mtamu zaidi, tukaanza mazoezi.

Mama mmoja wa alto, aliyeimba nasi tangu akiwa msichana, alisimama katikati ya ubeti wa pili, akaweka kitabu chake kwenye benchi. Alisema: "Mimi siwezi kuimba amani. Nyumba yangu imechomwa na watu wanaonijua kwa jina. Na nyinyi tangu nimefika hapa hakuna hata mmoja aliyeniuliza nililala wapi."

Kulikuwa kimya. Kisha wengine wetu tukakasirika. Tulisema analeta ukabila kanisani. Mmoja alimwambia kwamba Mkristo husamehe. Ndipo mzee mmoja wa besi, wa jamii ya pili, akasema kwamba mtoto wa ndugu yake ameuawa mjini Nakuru wiki hiyo kwa kulipiza kisasi, na kwamba yeye pia hakuulizwa. Walitazamana, mama yule na mzee yule, na wote wawili wakatoka nje. Mazoezi yakaishia hapo.

Tulimwendea paroko tukitaka awakemee. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kama tunakumbuka Yesu alivyosema katika Mathayo sura ya tano: ukileta sadaka madhabahuni na hapo ukumbuke kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache, uende kwanza ukapatane naye. Akatuambia, "Sadaka yenu ni wimbo. Basi uacheni hapo. Nendeni." Kwa Jumapili tatu hakukuwa na kwaya. Waamini waliimba wenyewe kutoka mabenchini, bila kinanda, na benchi letu lilikaa tupu watu wote wakiliona.

Katika majuma hayo tulitembea nyumba kwa nyumba, wawili wawili, jamii tofauti. Hatukwenda kuhubiri. Tulikwenda kuuliza nani alilala wapi, nani amepoteza nini. Kulikuwa na pesa tulizoweka kwa ajili ya sare mpya. Tulizitumia kununua mabati na misumari, na nyumba ya yule mama ilisimamishwa tena na watu waliokuwa wakimkasirikia. Mzee wa besi alileta nguzo mbili begani, akaziweka chini bila kusema neno. Yule mama akampa chai. Hatutaki kusema kwamba kila kitu kilipona. Wanakwaya wanne hawakurudi tena, na kila mwaka tunawakosa. Lakini Jumapili ya nne tuliimba, sauti chache, na wengi wetu hatukumaliza wimbo kwa sababu ya machozi.

Tumefikiri sana juu ya siku ile ya mazoezi. Hasira ya mama yule haikuwa dhambi iliyoingia kanisani. Kosa lilikuwa letu, kutaka kuimba amani kabla ya kusikia kilio. Alipokataa kuimba uongo mbele za Mungu, yeye alikuwa akiabudu kuliko sisi tuliokuwa na vitabu vimefunguliwa.

Hasira ipi?

Hata hivyo, ndugu zetu, tusidanganyane. Waliochoma nyumba nao walikuwa na hasira, na kila mmoja wao alidhani ana haki. Ndiyo maana ni lazima tujifunze kutofautisha.

Ugomvi wa kwanza katika Biblia ulitokea penye ibada. Kaini na Abeli walikuwa wametoa sadaka. Kaini alikasirika kwa ajili yake mwenyewe, kwamba mwenzake amependelewa, akaficha hasira hiyo mpaka shambani. Mwisho wake ni damu ya ndugu yake.

Nehemia naye alikasirika sana alipowasikia maskini wakilia kwamba wamewekwa rehani mashamba na watoto wao na ndugu zao wenyewe. Lakini kabla ya kusema, alifikiri kwanza moyoni. Kisha akawakemea wakubwa uso kwa uso, na akahakikisha mashamba yamerudishwa.

Na Bwana wetu, katika Marko sura ya tatu, akiwa ndani ya sinagogi siku ya sabato, aliwatazama kwa hasira watu waliotaka mgonjwa abaki mgonjwa. Mwinjili anaandika kwamba wakati huo huo alihuzunishwa na ugumu wa mioyo yao. Hekaluni alipindua meza za wabadili fedha na viti vya wauza njiwa, njiwa ambao ndio sadaka ya maskini. Lakini walipomtemea mate yeye mwenyewe, alinyamaza.

Hapo tunapata vipimo vitatu. Hasira ya haki huwaka kwa ajili ya mwingine: Muge Mnandi alisema kwa ajili ya Wapokot, na Ndingi Mkamba alisema kwa ajili ya watu wa Molo ambao hawakuwa wa kabila lake. Pili, husema mchana kweupe na kwa mwenye kosa mwenyewe, haingoji usiku wala haimtafuti jirani asiye na hatia. Tatu, ina huzuni ndani yake, inatamani hata mkosaji apone. Hasira isiyo na hivyo vitatu, hata ikibeba rozari, ni ya Kaini.

Kinanda chetu

Tusidhani mambo haya yamepita. Tarehe 17 Novemba 2024 Rais alihudhuria Misa katika kanisa la Soweto, Kayole, Nairobi. Alitoa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre, na shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa PMC. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zirudishwe. Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wamelalamika juu ya kodi, ahadi zisizotimizwa na utamaduni wa uongo nchini. Alisema Kanisa lisitumiwe kwa siasa.

Wanakwaya tulizungumza habari hiyo kuliko waamini wote, kwa kuwa kwaya ndiyo iliyotajwa. Na hazikupita siku nyingi kabla ya sisi kujaribiwa. Tulipokuwa tukitafuta fedha za Jubilei hii, mjumbe wa mtu mmoja anayetafuta kura alitujia na ahadi ya kinanda kipya na sare za watu wote. Alichotaka ni nafasi ndogo ya kusalimu watu baada ya komunyo. Tulibishana kwa saa mbili. Waliotaka tukubali hawakuwa waovu. Walisema kinanda ni cha Mungu, haijalishi kimetoka wapi. Waliokataa walisema tutakapopokea mkono huu, siku mto ukikauka na watu wakilia, sisi tutakuwa tunaimba tena kama mwaka 1992. Tulipiga kura, kwa siri na si kwa mlolongo, na waliokataa walishinda kwa kura tatu.

Basi mtakaposikia leo sauti mbili za kinanda zikikwama, msimlaumu mpigaji. Ni kile kile cha zamani. Na sare mnazoziona tumezinunua sisi wenyewe, kwa kuchanga kila mwezi.

Deni la wimbo

Katika Mambo ya Walawi, mwaka wa 50 ulitangazwa kwa baragumu. Muziki ulitangulia, lakini kilichofuata kilikuwa kazi: watumwa waachwe huru, na kila mtu arudi katika ardhi yake. Sisi wa Bonde la Ufa tunaelewa uzito wa neno hilo. Bado wapo kati yetu waliokimbia mashamba mwaka 1992 na hawajarudi. Tunaomba jumuiya ndogo ndogo ziwataje kwa majina katika sala za Jubilei, na tume ya haki na amani ya parokia isiache kufuatilia mambo yao. Kwaya imeamua kwamba nusu ya sadaka itakayotolewa kwetu leo itakwenda huko.

Neno la mwisho. Mwezi Februari 2020 tulimzika jirani yetu Mzee Moi hapo Kabarak, na umati ulijaa barabara. Askofu Ndingi alifariki tarehe 31 Machi mwaka huo huo. Korona ilikuwa imefunga makanisa. Baba aliyetuchunga miaka 25 alizikwa bila sisi kwenda kumwimbia. Tumekaa na deni hilo miaka mitano.

Leo, baada ya komunyo, mahali pale ambapo mgeni wa siasa angesimama, tutawaimbia marehemu wote wawili, pamoja na wote waliouawa katika mapigano, wa kila jamii. Atakayeanza ubeti wa kwanza ni yule mama wa alto. Ataitikiwa na mzee wa besi. Tunawaomba msimame, na mtusaidie kuimba.

Kwa niaba ya wanakwaya wote,
Katibu wa Kwaya